Sura ya Sita: Anzia Jumuiyani

Mtihani wa kumaliza darasa la saba nchini Tanzania hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati hapo kuna takriban miezi minne ambayo mtoto hana darasa, hana zoezi la kufanya jioni, wala hana mtu wa kumuuliza leo amejifunza nini. Na ndiyo miezi anayomhitaji mwalimu kuliko mingine yote. Kwa miaka saba, aliyesoma shule ya msingi ya serikali amejifunza Sayansi, Hisabati na Maarifa ya Jamii kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja miongoni mwa masomo. Akishaketi kwenye dawati la sekondari, mambo yanageuka: Biolojia kwa Kiingereza, Jiografia kwa Kiingereza, Fizikia kwa Kiingereza, na maswali ya mtihani kwa Kiingereza. Mtoto aliyezoea kunyoosha mkono anaanza kunyamaza. Mara nyingi jibu analo kichwani, ila swali limempita.

Wazazi wenye uwezo hulipia masomo ya pre-form one. Wasio nao humpeleka mtoto shambani, humweka dukani, au humtuma kwa shangazi mjini akasaidie kazi za nyumbani. Wakati huohuo, kwenye parokia anakosali mtoto huyo, ukumbi umefungwa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na katika jumuiya ya familia yake yumo kijana mwenye shahada ya ualimu anayesubiri ajira. Sura hii inahusu kuwakutanisha hawa watatu: mtoto, ukumbi na kijana.

Ninamwandikia kwanza huyo kijana. Ninamwandikia pia mwalimu mstaafu ambaye bado ana nguvu, mhitimu wa kidato cha sita anayesubiri chuo, na Mswahili aliyeko ughaibuni anayetamani kuwasaidia wageni waliofika baada yake. Hoja yangu kwao wote ni moja. Nafasi ya kufundisha Kiingereza kwa kujitolea ndani ya Kanisa Katoliki hupatikana kwa kujulikana, na kujulikana huanzia nyumbani kwa jirani, kwenye sala ya jumuiya ndogo ndogo. Anayeiruka hatua hiyo na kuanza kutuma maombi Nairobi, Roma au New York, ajue kwamba hata huko swali la mwanzo litakuwa: paroko wako anasemaje juu yako?

Mwalimu wa jioni pale Tabora

Kufundisha kando ya kanisa kuna historia ndefu hapa kwetu. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walianza misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Mwaka huohuo, kule Algiers, Askofu Mkuu Charles Lavigerie alianzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, wale tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, na miaka kumi baadaye watu wake walikuwa wamefika Tabora. Wabenediktini walianza Peramiho mwaka 1898. Misheni zilipostawi, kando ya kanisa lilisimama darasa. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, lakini seminari zilibaki kwa Kanisa. Kisha mwaka 1992 serikali ilitia saini hati ya maelewano na Baraza la Maaskofu Katoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania, na mlango wa makanisa kuendesha shule na hospitali ukafunguka upya kwa mapana. Kwa hiyo anayejitolea leo hahitaji kuanzisha chama wala kusajili asasi. Anakuta vyumba, viongozi, vikao na watu waliozoea kufundishana.

Katika historia hiyo yuko mtu mmoja ambaye kila anayetaka kujitolea anapaswa kumfahamu kwa upande huu. Julius Nyerere aliporudi kutoka Makerere katikati ya miaka ya 1940 alipewa nafasi mbili za kufundisha Tabora: moja katika shule ya serikali, nyingine katika shule ya St. Mary's ya Mapadri Weupe. Alichagua St. Mary's, ingawa mshahara wake ulikuwa mdogo zaidi. Na saa za kazi zilipokwisha, aliwafundisha Kiingereza bure watu wazima wa mji ule. Hii ilikuwa kabla ya masomo ya Edinburgh, kabla ya kufundisha Pugu, kabla ya chama cha TANU. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilifungua mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na Kanisa humwita Mtumishi wa Mungu.

Tuutazame mpango wake kwa makini, maana unafaa kuigwa hadi leo. Alikuwa na kazi iliyomlisha, kwa hiyo kujitolea kwake hakukumfanya ombaomba. Alichagua kundi moja la watu, wale ambao shule ilikuwa imewapita. Alitumia saa zake zilizokuwa huru. Tena alifanya hivyo mahali alipokuwa anafahamika tayari. Atakayeyazingatia hayo manne ataepuka sehemu kubwa ya matatizo yanayowavunja moyo wanaojitolea.

Ngazi ya kupanda

Katika miaka ya 1970 maaskofu wa nchi za AMECEA, yaani wa Afrika Mashariki na jirani zake, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe msingi wa uchungaji wao. Ndiyo maana leo Mkatoliki wa Mbagala, wa Songea au wa Kisumu ana jumuiya yake: familia chache za mtaa mmoja zinazokutana kila wiki nyumba kwa nyumba, zikasoma Injili, zikasali, kisha zikasikiliza matangazo na shida za wanajumuiya. Hapo ndipo utasikia mtoto wa nani kamaliza darasa la saba, nani kafiwa, nani hana ada. Hakuna ofisi yenye taarifa hizo kwa usahihi kama mwenyekiti wa jumuiya.

Basi hudhuria. Hudhuria kwa wiki kadhaa kabla ya kuomba chochote, usome somo ukiombwa, uchangie rambirambi kama wengine. Kisha, sala zikiisha na kufika kwenye mengineyo, sema jambo lako kwa kifupi. Mwenyekiti atalipeleka kigangoni au kwenye halmashauri ya walei ya parokia, na likifika mezani kwa paroko litakuwa limeshapata watu wa kulisemea. Usipokuwa Mkatoliki mlango haujafungwa. Tafuta mwanajumuiya akutambulishe, na useme wazi dini yako tangu mwanzo.

Siku ya kumwona paroko nenda na karatasi moja. Baada ya "Tumsifu Yesu Kristo, Baba" na "Milele amina, karibu", atakuuliza maswali ya mwenye nyumba: watoto wangapi, siku zipi, nani anashika funguo, nani atawajibika mtoto akiumia, na jambo hili linaisha lini. Karatasi yako iwe imeshayajibu. Kwa mfano:

"Baba Paroko, naomba kutumia ukumbi wa parokia kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana, kuanzia wiki ya kwanza ya Oktoba hadi katikati ya Desemba. Nitawapokea watoto 30 waliomaliza darasa la saba, wa dini zote. Tutakuwa walimu wawili, na mama mmoja kutoka umoja wa wanawake Wakatoliki, WAWATA, atakaa nasi. Kila mzazi ataleta daftari mbili na kusaini fomu ya ruhusa. Naomba parokia itupatie ubao na chaki. Wiki ya mwisho nitakuletea taarifa ya maandishi."

Ombi la namna hiyo si rahisi kukataliwa, kwa sababu lina mwanzo na mwisho, na kila gharama imepewa mwenyewe. Linganisha na la kijana anayesema, "Baba, napenda kusaidia vijana." Paroko mwenye vigango saba na pikipiki moja hawezi kufanya lolote na sentensi hiyo. Atakubariki, akuombee, na akusahau kabla ya Jumapili.

Ukishakubaliwa, omba tangazo lisomwe kwenye Misa zote za Jumapili, na lipelekwe pia kwenye jumuiya kwa maandishi. Maneno "wa dini zote" yabaki mle. Ukumbi wa parokia uko mtaani, na mtaani wanaishi Waislamu, Walutheri na Wapentekoste ambao watoto wao wanakwenda sekondari zilezile. Unafundisha Kiingereza. Katekesi ina mwalimu wake na saa yake, na mzazi Mwislamu ana haki ya kujua hivyo kwa kauli yako mwenyewe kabla ya kumleta mtoto.

Milango ya pembeni

Parokia ndiyo njia pana, lakini iko milango mingine ambayo watu hawaifikirii.

Wa kwanza ni nyumba za malezi za masista. Mabinti wengi wanaoingia utawa wametoka vijijini, wakiwa na elimu ya kidato cha nne na Kiingereza cha kukariri. Mbele yao kuna vyuo vya uuguzi na ualimu, na kama shirika ni la kimataifa, huenda malezi ya unovisi yakawa Kenya au Uganda pamoja na wenzao ambao hawajui Kiswahili. Mlezi wa mabinti hawa akimpata mtu anayeweza kuja mara mbili kwa wiki kwa mwaka mzima, atamshukuru Mungu. Mwendee kupitia paroko wako au mkurugenzi wa miito wa jimbo. Jua kwamba nyumba ile ina ratiba yake ya sala, kazi na kimya, na saa yako ikiisha imeisha. Fundisha mahali pa wazi pa kupokelea wageni. Wape mambo watakayoyatumia: kusoma masomo ya Misa kwa sauti, kuandika barua, kumweleza daktari hali ya mgonjwa, kujibu maswali ya usaili wa chuo. Watu wazima huona aibu kukosea mbele ya wenzao, kwa hiyo wape kazi ya wawiliwawili kwanza, na kusimama mbele ya wote kuje baadaye.

Wa pili ni vituo vya vijana vya Wasalesiani. Mtakatifu Yohane Bosco alianza kuwakusanya vijana wa mitaani wa Turin mwaka 1841, na mtindo wake ulikuwa kuunganisha mchezo, sala na masomo mahali pamoja. Wasalesiani wako Tanzania tangu 1980. Kwenye oratorio zao, mtu anayeweza kuchezesha mpira saa kumi na kuongoza mazungumzo ya Kiingereza saa kumi na mbili anakaribishwa kwa mikono miwili.

Wa tatu ni vyuo vikuu vya Kanisa, kama SAUT kule Mwanza, Mwenge kule Moshi na Ruaha kule Iringa, pamoja na umoja wa wanafunzi Wakatoliki, TMCS. Ukiwa mwanafunzi na ungependa kujitolea wakati wa likizo, uliza kwanza wenzako wa TMCS wana utume gani mwaka huu. Kundi la watu sita likienda kijijini pamoja hudumu kuliko mtu mmoja mwenye ari.

Mlango wa nne ni seminari na shule za jimbo, na hapa nasema kwa tahadhari. Shule ikikosa mwalimu wa Kiingereza inaweza kumpokea anayejitolea akajaza pengo la ajira mwaka baada ya mwaka, ratiba kamili, bila mkataba. Huo si utume, na unamnyima mwalimu mwingine mshahara. Kabla ya kuanza, mwone katibu wa elimu wa jimbo, mwandikiane muda, saa kwa wiki, nauli, chakula cha mchana na malazi. Vipindi vya jioni, klabu ya kusoma na masomo ya wanaobaki nyuma vinafaa sana kwa kujitolea. Ratiba nzima ya kidato cha pili ni kazi ya kuajiriwa.

Saa 90 za kutumia vizuri

Wiki kumi, siku tatu kwa wiki, saa tatu kwa siku, ni saa 90. Hazitoshi kumaliza sarufi ya Kiingereza, na asiyelikubali hilo ataanza na nyakati kumi na mbili za vitenzi na kuishia na watoto wanaosinzia. Zinatosha kwa jambo moja: mtoto aingie kidato cha kwanza akiwa na uwezo wa kufuata somo na kuelewa swali.

Anza na maneno ya kuamuru yanayotawala karatasi za mitihani: define, list, mention, explain, differentiate, give reasons. Yaandike ubaoni siku ya kwanza na uyatumie kila siku. Toa mada ambayo wanaijua tayari kwa Kiswahili. Sifa za viumbe hai wamezisoma kwenye Sayansi: kupumua, kukua, kuzaliana, kujongea. Waulize kwa Kiswahili wazitaje zote, uone nyuso zinavyochangamka. Kisha zitaje zilezile kwa Kiingereza, kila mtoto atunge sentensi moja kuhusu mbuzi wa kwao. Ndani ya saa moja darasa zima litakuwa limesema sentensi za Biolojia ambazo zitawarudia Januari, na hakuna aliyejifunza mambo mawili mageni kwa mpigo.

Hapa ndipo mwalimu anayejua Kiswahili anapompita mgeni anayejua Kiingereza peke yake. Mtoto atasema "my mother he is going to market", na mgeni atasahihisha mara ishirini bila kuelewa kosa linatoka wapi. Wewe unajua: sisi husema "anakwenda" kwa baba na kwa mama, hatujawahi kulazimika kutenganisha. Basi tengeneza zoezi la picha za familia, dakika kumi kila siku, hadi he na she zikae mahali pake. Unajua pia kwamba konsonanti zikifuatana bila irabu hututatiza, kwa hiyo school huwa "sikuli" na street huwa "sitiriti". Piga makofi: neno lote pigo moja. Kwa upande mwingine tuna zawadi ambayo wanafunzi wa lugha nyingi hawana. Sauti ya think na ya this tunazo katika thelathini na dhahabu. Mtoto anayesema "sinki" mkumbushe thelathini, atapata.

Kila siku iwe na robo saa ya kusoma kwa sauti na robo saa ya mazungumzo ya wawiliwawili. Omba vitabu vya kidato cha kwanza kwa walimu wa sekondari ya kata. Vilivyochakaa vinafaa, na picha za kwenye kurasa zake zitakuokoa siku mvua ikinyesha na nusu ya darasa ikakosekana. Mpe kila mtoto daftari la maneno, na lipitie kila Ijumaa kwa macho yako.

Na nakusihi, usimvishe mtoto kibao shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Bado ziko shule zinazofanya hivyo. Mtoto aliyeaibishwa kwa lugha ya mama yake haipendi ile nyingine kwa sababu hiyo. Anajifunza kunyamaza, na kunyamaza ndiko tulikokuja kukuondoa.

Ulinzi wa watoto, na hesabu ya fedha

Kanisa limepata majeraha makubwa duniani kwa sababu watu wazima waliachiwa watoto bila kuangaliwa. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria ya Vos estis lux mundi, inayowabana viongozi wa Kanisa katika kupokea na kushughulikia malalamiko ya unyanyasaji. Tanzania nayo ina Sheria ya Mtoto ya 2009. Mwombe paroko mwongozo wa jimbo wa ulinzi wa watoto, uusome, na wenzako wausome. Taratibu za ukumbini ziwe chache na zisizojadiliwa: watu wazima wawili muda wote, milango wazi, hakuna mwalimu kubaki na mtoto mmoja, hakuna kuandikiana na mtoto kwenye simu bila mzazi kuwemo, hakuna viboko, na kila mtoto anaondoka kwa utaratibu unaojulikana na nyumbani kwao. Chukua pia jina na namba ya mtu wa parokia anayepokea malalamiko, uwape wazazi siku ya kwanza. Kijana anayeona taratibu hizi ni kumshuku asipewe funguo.

Fedha nazo zinavunja urafiki mwingi. Kujitolea kuna gharama: nauli, chaki, kutoa nakala, maji ya kunywa. Andikeni mapema nani analipa nini. Michango ya wazazi, hata ikiwa shilingi mia tano, ipite kwa mhasibu wa parokia na itolewe stakabadhi. Asiyeweza kuchanga asirudishwe, na jina lake lisisomwe mbele ya wenzake.

Kuvuka mpaka

Anayefanya hayo msimu mmoja au miwili ana kitu mkononi ambacho tangazo lolote litamdai: taarifa iliyoandikwa, barua ya paroko, na watu wa kumsemea. Sasa anaweza kutazama mbali.

Tarehe 14 Novemba 1980, Padri Pedro Arrupe, mkuu wa Wajesuiti, alianzisha Huduma ya Wajesuiti kwa Wakimbizi, JRS, baada ya kuguswa na Wavietnamu waliokuwa wanaikimbia nchi yao kwa mashua. Hapa kwetu JRS imefanya kazi kwenye kambi na mijini. Kule Kampala imekuwa ikiwafundisha Kiingereza wakimbizi wa mjini, wakiwemo Wakongo na Warundi. Fikiria mama aliyekimbia Bukavu. Kifaransa anacho, Kiswahili anacho, lakini mwenye nyumba, muuguzi wa zahanati na mwalimu wa mwanawe wanamwandikia kwa Kiingereza. Anayeweza kumweleza kwa Kiswahili namna sentensi ya Kiingereza inavyojengwa ni wewe. Akiwa amesoma kwa Kifaransa, atayatambua maneno mengi akiyaona ukurasani, kwa sababu lugha hizo mbili zinagawana maelfu ya maneno. Tabu yake itakuwa kuyatamka na kuyasikia. Kwa hiyo muda mwingi uwe wa mazungumzo: sokoni, kliniki, ofisi ya shule.

Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992 kaskazini mwa Kenya, ina JRS na ina Wasalesiani wanaofundisha ufundi. Huko Kakuma, na Dzaleka nchini Malawi, Wajesuiti walianza mwaka 2010 mpango wa masomo ya juu kwa njia ya intaneti, ambao leo unaitwa Jesuit Worldwide Learning, na ambao hauwezekani kwa asiye na Kiingereza cha kutosha. Rwanda ilihamisha shule zake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kwa uamuzi wa mwaka 2008, na Burundi ilikipa Kiingereza hadhi ya lugha rasmi mwaka 2014. Katika nchi zote hizo Kanisa lina shule, na walimu wenyewe mara nyingi wanahitaji mwenzao wa kufanya naye mazoezi ya kuzungumza.

Usifunge safari bila vibali. Kujitolea bila mshahara ugenini bado kunaweza kudai kibali cha ukaazi, na kambi ya wakimbizi haiingiwi bila ruhusa ya serikali. Shirika linalokupokea ndilo lenye kukuongoza katika hilo. Likishindwa kukueleza utaratibu, subiri. Wako pia matapeli wanaotumia majina ya watakatifu kuuza "nafasi za kujitolea Ulaya". Usitume senti kwa yeyote kabla paroko au ofisi ya jimbo lako haijathibitisha kwamba shirika hilo lipo na linafahamika katika jimbo la huko.

Kwa msomaji aliyeko Marekani, njia ni fupi zaidi. Katika miji mingi mashirika ya Catholic Charities yamekuwa na madarasa ya Kiingereza kwa wahamiaji, mengi yakitegemea watu wa kujitolea, na miongoni mwa wanafunzi wamo Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Mwaka 2025 maaskofu wa nchi hiyo walitangaza kutohuisha mikataba yao na serikali kuu ya kuwapokea wakimbizi, baada ya serikali kuisimamisha kazi hiyo. Familia zilizokwisha kufika bado zipo, na Jumapili ziko kanisani. Zisalimie kwa Kiswahili baada ya Misa, ndipo uulize darasa liko wapi.

Kukabidhi

Kalenda ya elimu yetu ina mapengo mengine zaidi ya lile la darasa la saba. Anayemaliza kidato cha nne hufanya mtihani Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Kwa miezi hiyo yote naye anakaa nyumbani. Huyu ndiye msaidizi wako bora: anakumbuka kidato cha kwanza kilivyomtisha, anajua maswali ya mtihani, na watoto humwona kaka au dada. Wachukue wawili au watatu mara wanapomaliza mtihani, waongoze vikundi vidogo wiki za mwisho, na Desemba uwakabidhi daftari lenye mpango wa kila siku, mazoezi yaliyofaulu na yale yaliyoshindikana. Darasa lisilo na mrithi hufa siku mwalimu wake anapopata ajira, na tunaomba wote mpate ajira.

Haraka ipo. Kwa mtaala ulioanza kutumika 2024, elimu ya msingi Tanzania inashuka kutoka miaka saba hadi sita, na mpango ni kwamba mwaka 2027 watamaliza pamoja waliosoma miaka sita na waliosoma miaka saba. Januari 2028 sekondari zitapokea makundi mawili kwa wakati mmoja, na wa kundi moja watakuwa na mwaka mmoja pungufu wa kukua. Serikali inahitaji madarasa na walimu kwa ajili yao. Parokia zina kumbi ambazo zimeshajengwa. Anayetaka kuwa na darasa imara kufikia hapo anahitaji misimu ya kujifunzia, jina linaloaminika mtaani na wasaidizi aliowalea mwenyewe. Hayo yote huanza kwa kuuliza wiki hii jumuiya inasali kwa nani, na kwenda.